Tabasamu la Kuazima Haliponyi Mgonjwa

Jambo ninalotaka tulizungumze leo ukilitazama juu juu ni la biashara, lakini ukilifukua utaliona ni la utu. Kumezuka mtindo, nao umeenea, wa makampuni ya kila namna kuazima kanuni za kazi kutoka kwa kampuni ya burudani. Mabenki yameazima, mahoteli yameazima, mashirika ya ndege yameazima, na mahospitali nayo yamo. Kampuni inayoazimwa zaidi ni ile ya Disney ya Marekani, wenye sinema za katuni na viwanja vya starehe. Mimi si mtu wa biashara. Kazi yangu ni kalamu. Walakini jambo hili limenijia mpaka mlangoni, na mwenye kujiwa na jambo mlangoni ana haki ya kulisemea.

Nilianza kulisikia barazani kwangu. Mpwa wangu, kijana mwenye kazi ya benki hapa Mombasa, alirudi kutoka semina ya siku tatu na kitita cha makaratasi kwapani. "Mjomba," akaniambia, "sisi sasa hatuna wateja, tuna wageni. Wala sisi si wafanyakazi, tu waigizaji. Tukitoka chumba cha ndani tukawa mbele za watu, basi tumepanda jukwaani." Nikacheka. Nikamwambia kuwa marehemu babu yake alikaa dukani miaka thelathini, akimjua kila mnunuzi na jina la mamake, na hakwenda semina hata moja. Kijana hakucheka. "Mjomba, watu hawa wamefaulu," akasema. Hapo alinishika, kwani ni kweli wamefaulu.

Haukupita mwezi, mamake kijana huyo, ambaye ni dada yangu mkubwa, akaanguka jikoni asubuhi moja. Mdomo umekwenda upande, mkono wa kushoto hauinuki, maneno hayatoki. Tukamkimbiza, mimi na mwanawe, kwenye hospitali moja ya kulipia ambayo sitaitaja. Ukutani, hapo mapokezini, pameandikwa kwa herufi kubwa za rangi: KARIBU, WEWE NI MGENI WETU. Msichana aliyekaa chini ya maandishi hayo aliinuka, akatabasamu, akasema kwa sauti laini, "Karibuni sana wageni wetu. Tuwasaidie vipi leo?" Tukamwonyesha mgonjwa. Akatabasamu tena. "Poleni sana, mzee. Kwanza mtatuwekea amana, kisha daktari atamwona."

Amana yenyewe ilikuwa maelfu ya shilingi ambayo hatukutoka nayo nyumbani. Mpwa wangu akaanza kupiga simu huku na huku. Zikapita dakika arubaini, na katika dakika zote hizo msichana yule hakuacha kutabasamu.

Aliyetukwamua alikuwa mama mmoja mwenye fagio. Yeye hakutabasamu. Aliingia akifagia, akautazama mdomo wa dada, akaliweka fagio kando, akaja na kiti cha magurudumu. "Kaka, mkalishe hapa," akaniambia, "na kichwa umshikilie." Kisha akaenda mwenyewe kumwita muuguzi, naye muuguzi akaja mbio. Baadaye nilipata kujua kuwa wafagiaji wa pale si waajiriwa wa hospitali. Huletwa na kampuni nyingine kwa kandarasi, na semina ya tabasamu hawakualikwa.

Usiku ule, tumekaa nje ya wadi, mpwa wangu akanong'ona, "Mjomba, hawa wamesoma makaratasi yale yale." Ndipo nami nikaamua kuyasoma.

UKIONA VYAELEA

Niliyoyasoma yalinishangaza, maana Disney wenyewe hawafundishi niliyoyaona hospitalini.

Kiwanja chao cha kwanza, Disneyland, kilifunguliwa Julai 1955 huko Anaheim, California. Mwaka huo huo mtu mmoja aitwaye Van France akaanzisha chuo cha kuwafunza wafanyakazi wake. Ni kweli lugha yao ni ya mchezo wa kuigiza: mfanyakazi ni mwigizaji, mnunuzi ni mgeni, mahali wanapoonekana ni jukwaani, na wasipoonekana ni nyuma ya pazia. Lakini hilo si ajabu, kwani wao mchezo ndio bidhaa yao. Anayekata tiketi kuingia kwao anajua kuwa kasri ile si kasri, na kwamba yule panya ni mtu ndani ya vazi. Amelipa ili adanganywe, naye ameridhia.

Linalofaa kutazamwa ni lile la nyuma ya pazia. Husimuliwa kuwa Walt Disney aliudhika kumwona mfanyakazi aliyevaa kama mchunga ng'ombe wa kale akikatiza mtaa uliojengwa kuonyesha dunia ya kesho. Basi kiwanja cha Florida kilipofunguliwa Oktoba 1971, mwenyewe akiwa amekwisha kufa tangu 1966, kilikuwa na njia za chini kama vichochoro vya Mji wa Kale. Humo wafanyakazi hupita, hubadili nguo, hula, na takataka hunyonywa kwa mabomba mbali na macho ya watu. Na kwa kuwa nchi ile ina maji mengi chini, njia hizo hazikuchimbwa. Zilijengwa juu ya ardhi, kisha kiwanja kikajengwa juu yake. Yaani wageni hutembea orofa ya pili nao hawana habari. Wahenga wetu walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa.

Tazama na habari ya wafagiaji. Kampuni iligundua kuwa mgeni aliyepotea njia hatafuti afisi ya kuulizia. Humwuliza aliye karibu, na aghalabu aliye karibu ni mfagiaji. Kwa hivyo mfagiaji wa huko hufunzwa zaidi ya kushika fagio. Hufunzwa njia, saa za maonyesho, na namna ya kusema na watu. Nilipofika hapo nilimkumbuka yule mama wa hospitali. Disney wangalimkalisha darasani pamoja na wengine. Sisi tulimwacha nje ya mlango.

DARAJA NDIO SIRI

Lakini siri yao kubwa, kwa maoni yangu, ni kitu ambacho waazimaji hukiruka. Kwa miaka mingi kanuni zao zilikuwa nne: usalama, adabu, onyesho na ufanisi. Miaka ya karibuni wakaongeza ya tano, ya kumkaribisha kila mtu bila ubaguzi. Kanuni hizi si za kuchagua uipendayo. Zimepangwa kwa daraja. Zikigongana, ya juu humshinda mwenzake wa chini.

Mathalan, mtoto akiteleza ukingoni mwa maji, mwigizaji aliyevaa kama binti wa mfalme huacha ubinti wake akamkimbilia, na onyesho na liharibike. Mzee akipanda kigari cha mchezo kwa taabu, kigari hupunguzwa mwendo au husimamishwa kabisa. Saa ile watapanda watu wachache, yaani ufanisi umepungua, lakini usalama na adabu vimesalimika. Huo ufanisi, ambao maana yake ni kazi nyingi kwa gharama ndogo, wao wameuweka chini ya wenzake wote. Hawakuudharau; wameuambia tu usiwatangulie wakubwa wake.

Haya, ipime hospitali yetu kwa mizani hiyo. Onyesho lilikuwapo: ukuta wa rangi na sare zilizopigwa pasi. Adabu ilikuwapo, au tuseme sura yake. Ufanisi, yaani pesa ziingie kabla ya kazi kutoka, ulikuwa mbele ya vyote. Na usalama wa mgonjwa ulikuwa mwisho wa safu, ukingojea simu za mpwa wangu zijibiwe. Walichukua maneno yote manne wakayapindua, miguu juu kichwa chini. Nguo ya kuazima yatosha kuwa na shida zake. Seuze ukiivaa nje ndani.

Wala hatuhitaji kwenda Florida kuijua daraja hiyo. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yasema wazi kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Hiyo ni kanuni ya usalama kwanza, na imepigiwa kura na wananchi. Kanuni hatukuikosa. Tulichokosa hapo mapokezini ni mtu mwenye idhini ya kusema, "Aingie ndani, ya pesa yatafuata."

Na hapa nimtetee kidogo msichana yule. Alipewa tabasamu, hakupewa mamlaka. Lau angalimwingiza dada bila amana, pengine yeye ndiye angaliulizwa mwisho wa mwezi. Mwaka 1983 mtaalamu wa Kimarekani, Bi. Arlie Hochschild, alitoa kitabu juu ya wahudumu wa ndege, akaonyesha kuwa kuamriwa kuonyesha furaha usiyokuwa nayo ni kazi kama kazi nyingine, na uchovu wake huingia ndani ya nafsi. Sisi chuoni tulifunzwa kuwa kumkunjulia nduguyo uso ni sadaka. Naam, lakini sadaka haitozwi na mwajiri. Ikitozwa imekuwa kodi.

WENYEWE HUKO MAREKANI

Hospitali za Marekani ziliifuata njia hii kabla yetu. Mwaka 2004 Bwana Fred Lee, aliyekuwa mkubwa katika mahospitali kisha akafanya kazi Disney, alitoa kitabu juu ya vile hospitali ingalikuwa kama ingaliendeshwa na Disney. Kilisomwa sana. Mojawapo ya nasaha zake ni hiyo hiyo ya daraja: adabu itangulie ufanisi. Tena akaonya kuwa hesabu za kuridhika kwa wagonjwa zaweza kuwa dhahabu bandia.

Kisha, tangu Oktoba 2012, serikali ya huko ikafunga sehemu ya malipo ya Medicare, bima yake ya wazee, na majibu ya wagonjwa waliotoka hospitalini: wauguzi walikusikiliza? chumba kilikuwa safi? palikuwa kimya usiku? Hapo haja ya walimu wa mapokezi mema ikazidi, nayo Disney ilikuwa na taasisi ya kufundisha makampuni mengine tangu 1996.

Mwaka huo huo wa 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha hesabu za watu wazima zaidi ya 50,000. Wakakuta kuwa walioridhika zaidi na madaktari wao ndio waliotumia fedha nyingi zaidi, ndio waliolazwa zaidi, na vifo vilikuwa vingi zaidi kwao kuliko kwa walioridhika kidogo. Sisemi kuwa kuridhika kunaua. Hesabu za namna hiyo huonyesha mambo yaliyofuatana, hazionyeshi lipi lilimzaa mwenziwe. Lakini yatosha kutufunza kuwa mgonjwa aliyefurahi na mgonjwa aliyetibiwa si lazima wawe mtu mmoja. Daktari mwema mara nyingine hukwambia usilolipenda: acha sukari, acha sigara, dawa hii uliyoitaka haikufai. Mwigizaji hana ruhusa hiyo.

Hata Disney wenyewe walipojipeleka ugenini waliona tafauti ya udongo. Kiwanja cha Tokyo, kilichofunguliwa Aprili 1983, ni mali ya kampuni ya Kijapani, Oriental Land, nacho kilifaulu mno. Naona moja ya sababu ni kuwa Wajapani walikuwa na adabu yao ya kumpokea mgeni kabla ya Disney kuzaliwa. Kanuni za kuja zikakuta mzizi wa kushika. Karibu na Paris, Aprili 1992, mambo yakawa mengine. Wafanyakazi waliwekewa sharti za nywele, ndevu na mapambo, na vyama vyao vikapinga. Wafaransa nao wakakuta meza za chakula hazina mvinyo. Hilo sisi lisingalituudhi, lakini wao liliwaudhi, na mwaka uliofuata kampuni ikalegeza. Hasara ikawa kubwa hata 1994 ikabidi madeni yapangwe upya. Sababu zilikuwa nyingi, na madeni ndiyo kubwa yao. Walakini hiyo ya kudhani kuwa tabia ya watu husafirishwa kwa meli pamoja na mitambo ilikuwa mojawapo.

Tena tuwe waadilifu: mwenye kanzu naye ameanza kuivaa upande. Mwaka 1999 Disney ilianzisha karatasi za kuruka foleni, nazo zilikuwa bure, mwenye nacho na asiye nacho sawa. Mwaka 2021 mpango huo ukaondolewa, ukaja wa kulipa. Mwaka 2018 wafanyakazi 5,000 wa Disneyland waliulizwa habari za maisha yao, katika uchunguzi uliogharimiwa na vyama vyao. Zaidi ya mmoja katika kila kumi alisema alipata kukosa makazi ndani ya miaka miwili. Kampuni iliupinga uchunguzi huo. Lakini mwaka 2024 ikakubali kulipa dola milioni 233 kumaliza kesi ya wafanyakazi wa huko huko, waliodai mshahara wa chini uliowekwa na sheria ya mji wa Anaheim. Basi anayekuja kuazima leo aangalie anaazima nini: daraja ya zamani, au bei ya foleni.

LAMU MBILI

Nimalizie kwa jambo linalotuhusu sisi watu wa pwani. Huko Florida, Aprili 1998, Disney ilifungua kiwanja cha wanyama, na ndani yake kikajengwa kijiji kinachoitwa Harambe. Waundaji wake walikuja pwani yetu, wakaitazama Lamu kwa makini, wakaiiga. Kuta zake zimetiwa nyufa makusudi na rangi yake imechakazwa kwa ustadi, ili mtazamaji adhani bahari na miaka ndivyo vilivyofanya kazi hiyo. Siwachukii kwa hilo. Kuigwa ni heshima ya namna yake. Lakini Lamu ile hakuna aliyezaliwa humo, wala aliyeugua humo, wala aliyezikwa humo. Saa ya kufunga ikifika, wageni hutoka na taa huzimwa.

Kanuni za jukwaa zaufaa mji kama huo. Lamu yetu, ambayo tangu 2001 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, nyufa zake hazikuchorwa. Watu wake huugua usiku wa manane, na wengine huvushwa kwa mashua kutafuta matibabu. Hawa si watazamaji. Hawakuja kufurahishwa, wala hawakuridhia kudanganywa. Mtu wa benki aliyewekewa akiba ya uzee, mwalimu aliyeletewa mtoto, karani mwenye cheti cha kuzaliwa mkononi, na daktari: wote hawa kazi yao si onyesho, hata kama onyesho laweza kuipamba.

Na neno lenyewe, mgeni, tusilichezee. Kwetu mgeni halipi. Hata ile methali yetu kali, ya kwamba mgeni siku mbili na ya tatu mpe jembe, yampa siku mbili za kula kabla ya kumdai kitu. Ni mgeni gani basi anayedaiwa mlangoni hajapewa hata maji? Mwite mteja, umtendee haki ya mteja; atashukuru zaidi.

Amana nayo vilevile. Zamani kabla haijawa pesa ya kutangulizwa, amana ilikuwa kitu cha mwenzio ulichokabidhiwa ukilinde, na ambacho utaulizwa juu yake. Hospitali ile ilitutaka amana, ilhali amana kubwa ilikuwa tayari imewekwa mbele yao, haiwezi kusema wala kuinua mkono.

Sisemi kanuni za Disney zisiazimwe. Nasema anayeziazima ajiulize maswali matatu kabla hajapaka ukuta rangi. Usalama, adabu, onyesho na ufanisi vikigongana, kwako ni kipi kitakachotangulia? Ni nani aliyekaa pale mbele mwenye idhini ya kuamua hivyo bila kuogopa mshahara wake? Na mfagiaji alikuwamo darasani?

Mpwa wangu aliliuliza swali la kwanza katika mkutano wa tawi lao la benki. Akaambiwa ni swali zuri, atajibiwa. Mpaka leo angojea.

Dada yangu yu hai, alhamdulillahi. Maneno yamemrudia, ingawa polepole. Mkono wa kushoto haujarudi. Sidai kuwa dakika zile arubaini ndizo zilizouchukua, hilo alijua Mola; lakini madaktari wote husema kuwa kwa ugonjwa huo wa kupooza, kila dakika ina thamani yake. Wiki iliyopita alinituma nimpelekee yule mama wa fagio kibunda cha halua. Nilimkuta pale pale mapokezini, chini ya maandishi yale ya rangi, amepiga magoti akisugua sakafu. Aliinua uso, akanitambua, na kabla ya salamu kwisha akaniuliza, "Mgonjwa wetu aendeleaje?"